Huzuni ya majira ya baridi: Pale sala inapohitaji taa, matembezi na daktari

Mji mdogo wa Rjukan, kusini mwa Norway, umejengwa ndani ya bonde jembamba kiasi kwamba tangu mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi miale ya jua haifiki kwenye mitaa yake. Jua lipo, ila hupita nyuma ya milima. Mwaka 1928 kampuni ya Norsk Hydro, iliyouanzisha mji huo kwa ajili ya viwanda vyake, iliwajengea wakazi gari linaloning'inia kwenye nyaya ili waweze kupanda mlimani kuota jua. Oktoba 2013 mji ulikwenda mbali zaidi: vioo vitatu vikubwa vilisimikwa juu ya mlima, vikageuzwa kulifuata jua na kuuakisi mwanga wake hadi kwenye uwanja ulio katikati ya mji. Wakati wa mchana watu husimama uwanjani hapo, macho wameyafumba, nyuso wameziinua.

Mgeni aliyefika karibuni kutoka Kigoma au Bukavu anaweza kuiona habari hiyo kuwa kichekesho cha matajiri. Akishamaliza Novemba na Desemba yake ya kwanza katika nchi hizo, hacheki tena.

Kwa miaka mingi sasa Norway na majirani zake, Sweden na Finland, zimekuwa zikiwapokea wakimbizi wa Kongo kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahamishia wakimbizi katika nchi ya tatu, wengi wao wakitokea kwenye makambi ya Afrika Mashariki. Wapo pia wanafunzi, wauguzi, na waliofuata wenza wao. Wengi wao ni Wakristo, na kitu cha kwanza wanachokitafuta mara baada ya nyumba na shule ya watoto ni mahali pa kusali. Kwa hiyo, uzito usioeleweka unapowashukia katika miezi ya giza, mtu wa kwanza kuusikia huwa ni mchungaji, padri au mwenzao wa kwaya, na daktari huja baadaye sana, kama atakuja. Jibu analolitoa mtu huyo wa kwanza lina uzito mkubwa.

Tatizo ni mwanga

Wazungumzaji wa Kiswahili huihesabu siku kuanzia macheo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na saa kumi na mbili jioni ndiyo mwisho wake, kwa sababu karibu na ikweta jua ni mtumishi mwaminifu. Mjini Bukavu tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa, na Dar es Salaam haifiki saa moja. Mjini Oslo, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza yapata saa tatu na robo asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika kumi alasiri. Ni mchana usiotimia saa sita, tena mara nyingi chini ya mawingu. Mjini Tromsø, kaskazini zaidi, jua halionekani kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Wanorwei wana neno lao kwa kipindi hicho, mørketid, yaani majira ya giza.

Wengi hudhani adui ni baridi. Mtu wa Njombe au Limuru anaijua baridi ya Julai, ya kuvaa makoti mawili na kukumbatia jiko la mkaa, na bado haijamzuia kuamka. Tofauti ni kwamba Njombe, hata siku ile ya baridi kali, jua huchomoza wakati ule ule aliouzoea.

Aliyeipa hali hii jina la kitabibu alikuwa Mwafrika wa kusini. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, alihamia New York mwaka 1976 na kushangaa jinsi nguvu zake zilivyokuwa zikipungua kila majira ya baridi na kurejea kila majira ya kuchipua. Mwaka 1984, yeye na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya kile ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa sonona ya majira: sonona inayokuja na kuondoka kwa kufuata mzunguko wa mwaka.

Ndani ya jicho, pamoja na chembe zinazotuwezesha kuona, zipo nyingine ambazo kazi yake ni kupima mwanga na kuuarifu ubongo kama kumekucha. Habari hiyo ndiyo inayoiendesha saa ya mwili, ile inayoamua lini homoni ya melatonini ilete usingizi na lini ikome. Asubuhi inapokuwa giza, saa hiyo huchelewa: mtu yuko kituo cha basi, mwili wake bado uko kitandani. Inadhaniwa pia kwamba kemikali ya serotonini, inayohusika na utulivu wa hisia, huvurugika kwa baadhi ya watu katika miezi hiyo, ingawa wataalamu hawajakubaliana juu ya kila hatua ya mchakato huo.

Dalili zake hupotosha. Sonona inayojulikana zaidi humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Sonona ya majira ya baridi mara nyingi hufanya kinyume. Mtu hulala saa kumi na bado akaamka amechoka, hutamani wali, mkate, ugali na vitu vitamu, huongezeka uzito, hukwepa kupokea simu, na mambo yaliyokuwa yakimfurahisha huwa kama ya mtu mwingine. Kwa macho ya jirani, huyo anakula vizuri na kulala vizuri. Basi ni mvivu.

Ipo pia hali nyepesi zaidi, ya kuishiwa nguvu na uchangamfu bila kushindwa kufanya kazi. Hiyo huwapata wengi, wenyeji na wageni, na si ugonjwa. Madaktari huizungumzia sonona ya majira pale dalili zinapokuwa nzito kiasi cha kuharibu kazi, masomo au ndoa, na zinapojirudia majira yale yale kwa miaka miwili au zaidi. Wanaofanya usafi maofisini alfajiri au zamu za usiku katika nyumba za wazee, kazi ambazo wahamiaji wengi huanzia, wamo hatarini zaidi. Wanaweza kumaliza wiki nzima bila kuuona mchana.

Eliya chini ya mretemu

Mtu wa namna hiyo anapofika kanisani na kusema amechoka kuishi hivi, majibu matatu husikika mara nyingi. La kwanza ni kwamba imani yake imepungua. La pili, kwamba kuna mkono wa mtu, pengine ndugu aliyebaki nyumbani na kuona wivu. La tatu, kwamba aongeze kufunga na kukesha. Majibu hayo hutolewa kwa upendo, na mara nyingi humwacha mgonjwa na mizigo miwili, ule wa awali na wa pili wa kuamini kwamba Mungu naye amemchoka.

Maandiko yenyewe hayaungi mkono haraka hiyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya, aliyetoka kupata ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anayetumwa kwake hamkemei kwa imani haba. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, kisha anamwacha alale tena. Anarudi mara ya pili na chakula kingine, akitaja sababu moja tu, kwamba safari iliyo mbele ni ndefu. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, huko Horebu, mwili ukiwa umekwishahudumiwa. Zaburi ya 88 nayo ni sala ya mtu aliye gizani inayofikia mwisho wake bila giza hilo kuondoka, na bado imehifadhiwa miongoni mwa sala za waamini kwa maelfu ya miaka.

Historia ya kanisa ina mifano iliyo karibu zaidi na majira ya baridi. Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti aliyekuwa akihubiria maelfu jijini London katika karne ya 19, alisumbuliwa na sonona sehemu kubwa ya maisha yake na hakuificha. Katika mihadhara kwa wanafunzi wake wa uchungaji alitenga sura nzima kuizungumzia, akikiri kwamba inawapata hata watumishi waaminifu, na akitaja wazi sababu za kimwili: kukaa ndani mno, vyumba visivyo na hewa, kazi bila mapumziko. Aliwahimiza watoke nje, watembee penye upepo. Yeye mwenyewe, akiugua pia jongo na figo, alikuwa akiikimbia London wakati wa baridi na kwenda Menton, kusini mwa Ufaransa, kwenye jua la pwani. Alifariki huko tarehe 31 Januari 1892. Ni vigumu kumshutumu mtu huyo kwa uhaba wa imani kwa sababu tu alilihitaji jua.

Kalenda iliyotungwa penye giza

Jambo moja ambalo Wakristo kutoka Afrika Mashariki hulivumbua huku kaskazini ni kwamba sikukuu walizozishika tangu utotoni zina maana iliyokuwa haionekani nyumbani. Krismasi ya Dar es Salaam ni ya joto na jasho, na siku hiyo haipungui wala kuongezeka kwa namna ambayo mtu angeiona. Lakini katika kalenda ya Kirumi, Desemba 25 ilihesabiwa kuwa wakati ambapo mchana huacha kupungua na kuanza kurefuka. Kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji kukawekwa Juni 24, mchana unapoanza kufupika. Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika Kaskazini, alilizungumzia jambo hilo katika mahubiri yake: Yohana apungue, Kristo azidi, na jua lenyewe likiwa shahidi.

Majilio nayo, zile Jumapili nne za kungojea, yamejengwa juu ya mwanga unaoongezeka kidogo kidogo. Taji la Majilio lenye mishumaa lilianza Hamburg mwaka 1839, pale mchungaji Johann Hinrich Wichern alipotengeneza gurudumu la mbao lenye mishumaa kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, ili waweze kuzihesabu siku zilizobaki kabla ya Krismasi. Nchini Sweden, Desemba 13 ni siku ya Mtakatifu Lusia, na wasichana huandamana wakiwa na mishumaa alfajiri kungali giza. Kabla Sweden haijabadili kalenda yake mwaka 1753, usiku huo ulisadikiwa kuwa mrefu kuliko wote. Halafu Februari 2, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, mishumaa hubarikiwa tena, safari hii mchana ukiwa umerefuka kwa kiasi kinachoonekana.

Makanisa kadhaa ya Amerika Kaskazini na Uingereza yameongeza ibada karibu na Desemba 21, maalumu kwa waliofiwa na wenye huzuni, bila nyimbo za shangwe. Anayeingia humo haulizwi kwa nini hatabasamu. Kwa watu waliozika ndugu mashariki mwa Kongo kwa njia ya simu, ibada ya aina hiyo ingefaa kuigwa na jumuiya za Kiswahili kuliko mambo mengine mengi yanayoigwa.

Taa, njia ya theluji na usiku wa mkesha

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 iliyochujwa mionzi inayodhuru. Mtu huketi mbele yake dakika 20 hadi 30 kila asubuhi, mapema baada ya kuamka, taa ikiwa mbele yake kidogo pembeni, bila kuikazia macho. Taa za kawaida za nyumbani hazifiki hata sehemu ya kumi ya kiwango hicho, hivyo kuwasha balbu zote za sebuleni hakuleti matokeo yale yale. Wenye magonjwa ya macho, wenye ugonjwa wa baipola, na wanaotumia dawa zinazoufanya mwili uathiriwe upesi na mwanga wanapaswa kumwona daktari kwanza. Kwa waliozoea kusali na kusoma neno alfajiri, nusu saa hiyo tayari ipo katika ratiba. Inatosha kuihamishia mbele ya taa.

Taa si lazima iwe pekee. Profesa Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, aliwagawa watu wazima 177 wenye sonona ya majira katika makundi mawili kwa wiki sita: kundi moja lilitumia taa, jingine lilipata tiba ya mazungumzo inayofundisha kuzitambua fikra zinazomzamisha mtu na kurudia shughuli alizoziacha. Mwanzoni matokeo yalilingana. Majira mawili ya baridi baadaye, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa takriban asilimia 27 ya waliopata mazungumzo, na kwa asilimia 46 hivi ya waliotumia taa. Mwanasaikolojia mwingine Mmarekani, Kari Leibowitz, alikwenda Tromsø mwaka 2014 na kukuta kwamba kadiri watu walivyoishi kaskazini zaidi ndivyo walivyokuwa na mtazamo mwema zaidi juu ya majira ya baridi. Huyatazama kuwa wakati wa mishumaa, wageni na theluji, na hawakai wakihesabu siku za kutoroka.

Kutoka nje mchana ni dawa isiyolipiwa, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa mgeni. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huupita kwa mbali ule wa ndani. Wenyeji husema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu. Ni kauli inayoudhi kwa mtu ambaye bado hana viatu vya theluji, na hapo ndipo kanisa linaweza kufanya jambo la maana kuliko hotuba: kukusanya makoti na viatu, na kupanga matembezi ya pamoja baada ya ibada ya Jumapili, kabla ya saa nane mchana.

Vitamini D nayo ina nafasi yake. Kuanzia vuli hadi mwanzoni mwa majira ya kuchipua jua la nchi hizi huwa chini mno kuiwezesha ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza kiasi kile kile. Ndiyo maana Wanorwei huwanywesha watoto wao mafuta ya ini la samaki, na mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika kufikiria kutumia mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima. Ni muhimu kwa mifupa na misuli. Kwamba peke yake huponya sonona, ushahidi hautoshi.

Kuhusu mkesha wa maombi wa Ijumaa, uliopendwa sana nyumbani, inafaa kusema ukweli. Saa ya mwili iliyokwisha kuyumba hupigwa dafrao na usiku mzima wa kuimba ukifuatiwa na usingizi hadi Jumamosi alasiri, wakati jua limeshazama. Mwenye dalili za sonona hapotezi baraka akiusamehe mkesha hadi Machi na kukutana na wenzake kwa maombi ya Jumamosi saa tano asubuhi. Jumuiya ndogo ndogo, zile za kukutana nyumba kwa nyumba, husaidia zaidi ya mkusanyiko mkubwa. Katika watu kumi, asiyekuja hujulikana, na mtu anaweza kwenda kumgongea mlango akiwa na sufuria ya maharage.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungojewa zipite na majira: mtu kusema kwamba familia ingekuwa heri bila yeye, kuacha kula au kuoga kwa siku kadhaa, kugawa vitu vyake, kuongea juu ya kufa. Nchini Norway daktari wa zamu hupatikana kwa namba 116 117 na dharura ya kitabibu kwa 113. Sweden na Finland namba ya dharura ni 112. Huduma ya Kirkens SOS, ya makanisa ya Norway, hupokea simu za wenye majonzi mchana na usiku, na nchini Sweden padri wa zamu huweza kuunganishwa usiku kupitia 112. Dawa za kutibu sonona, daktari akiziandika, zisikatishwe kwa ushauri wa mtu yeyote aliyepo madhabahuni.

Lugha isiwe kizuizi. Kwa sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika Norway Januari 2022, ofisi za umma zina wajibu wa kumtafuta mkalimani mwenye sifa pale huduma ya afya inapomhitaji, na watoto hawaruhusiwi kuwakalimania wazazi wao isipokuwa katika mazingira ya dharura. Mama asiyetaka binti yake wa miaka 12 asikie kwamba amekata tamaa ana haki ya kudai mkalimani wa Kiswahili, ambaye anafungwa na kiapo cha kutunza siri.

Waliowahi kuugua mwaka uliopita hushauriwa wasingoje Desemba. Taa huanza kutumika mwanzoni mwa vuli, dalili zikiwa bado ndogo, na huendelea hadi mwanga wa asubuhi unaporudi wenyewe. Mjini Tromsø siku hiyo inafahamika: Januari 21 au karibu yake, jua linapochungulia juu ya milima kwa dakika chache, shuleni na maofisini watu hula maandazi yenye jamu ndani, yanayoitwa maandazi ya jua.